Tarumbeta Hii Ilishindana na Nani?

SWALI: Shikamoo mzee. Nafundisha historia sekondari hapa Tanga. Shule imetupa darasa moja tuligeuze chumba kidogo cha makumbusho ya burudani za mji wetu. Wazazi na majirani wameshaleta vitu: bao la mti, gramafoni ya kuzungusha kwa mkono pamoja na santuri zake, tarumbeta iliyobonyea, gitaa la umeme lisilo na nyuzi, na tiketi za sinema zilizokuwa zimebanwa ndani ya kitabu. Mwenzangu anasema tuvisafishe ving'ae, tuandike jina la kitu na mwaka, basi. Mimi naona tutakuwa tumefungua stoo. Je, vitu hivi vinaweza kweli kusimulia historia, na tuanzie wapi?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Hongereni kwa kupata chumba, maana shule nyingi huishia kupata kabati.

Vitu hivyo vinasimulia, ila kimoja kimoja vitakupa nusu tu. Burudani za pwani zimekwenda kwa pande mbili tangu zamani: chama na mpinzani wake, mtaa na mtaa, bendi na bendi. Bara nako ni vivyo hivyo. Ukienda Bujora, karibu na Mwanza, kwenye makumbusho ya Wasukuma, utakuta habari za ngoma zimepangwa kwa Bagika na Bagalu, wafuasi wa mafundi wawili wa ngoma wa zamani, Ngika na Gumha. Hadi leo makundi mawili huingia uwanjani kwa wakati mmoja, kila moja likicheza lake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Ushindani wa namna hii ndio uliowatoa watu fedha mfukoni, ukawashonesha sare, ukawanunulisha ala na kuwakesheza wakitunga nyimbo. Kwa hiyo mtu akikuletea kitu, kabla ya kumwuliza mwaka, mwulize kilikuwa cha upande gani, na wale wa upande wa pili walikuwa akina nani. Mwaka atakwambia kwa kukisia. Mpinzani atamtaja kwa jina, na huenda akaanza kuimba.

Habari ya kusafisha isimame kwanza. Mwambie mwenzako asiguse kitu mpaka umalize kusoma hapa.

Tuanze na tarumbeta, kwa sababu nadhani ndiyo yenye mengi kuliko vyote mlivyopewa. Kuna uwezekano mkubwa kwamba asili yake ni beni, au ni ya watu waliorithi beni. Ngoma ya beni ilianza pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890, vijana walipochukua mtindo wa bendi za kijeshi za Wazungu: ngoma kubwa, matarumbeta, gwaride, sare na vyeo. Ikateremka pwani hadi kwenu Tanga na Dar es Salaam, kisha ikaingia bara na askari, makarani na wafanyakazi wa reli. Vita ya 1914 hadi 1918 ikaisambaza kabisa, maana askari na wapagazi wa Mjerumani na wa Mwingereza walikuwa nayo wote, na vita vilipokwisha kila mmoja alirudi nayo kwao. Tanganyika nzima ikagawanyika vyama viwili vya beni, Marini na Arinoti. Marini walijihesabu watanashati wa mji, watu wa kazi safi au wenye ukoo wa pwani. Arinoti wakawapokea wageni na vibarua, wale ambao Marini waliwatazama kwa jicho la pembeni. Mombasa wao walikuwa na Kingi na Skochi.

Wanafunzi wako watacheka wakisikia vibarua walijipa vyeo vya ufalme na ujenerali, wakawa na madaktari wasiotibu, na wanawake nao wakawa na ngazi zao za vyeo. Waache wacheke, halafu waambie chama hicho hicho ndicho kilichozika mwanachama aliyefia ugenini, na ndicho kilichompa mahali pa kulala kijana aliyeshuka kwenye treni hajui mtu. Mtu wa Arinoti akitoka Tabora alifika Tanga akiwa na ndugu tayari. Serikali ya kikoloni ilikuwa ikiitupia beni jicho kwa sababu hiyo: watu waliojipanga wenyewe kutoka mji hadi mji, bila ruhusa ya mtu, wana viongozi wao na mfuko wao.

Sasa ishike tarumbeta yenyewe, uende nayo dirishani. Tazama kwenye mdomo wake mpana kama pamechorwa jina la kiwanda, mji au namba. Mara nyingi maandishi hayo ni membamba kama unywele. Tazama pale vidole vinapokaa: rangi ya juu ikiwa imelika, ilipigwa miaka mingi. Tazama viungo. Ala iliyopelekwa kwa fundi wa mtaani ina risasi nene ya kijivu pale ambapo kiwandani kuna mstari mwembamba tu, na hiyo risasi ni ushahidi kwamba watu hawakuwa na fedha ya kununua nyingine lakini hawakukubali kuingia uwanjani bila ala. Hata kile kibonyeo kiulizieni. Ndiyo maana nakataza dawa ya kung'arishia shaba. Inachukua tabaka la juu la madini, na tabaka hilo ndilo lenye maandishi na alama za vidole. Pangusa vumbi kwa kitambaa laini kikavu, uishie hapo.

Kama mtapata nafasi, itafuteni tarumbeta ya wasiokuwa na tarumbeta. Ukanda wa Ziwa Nyasa, ambako beni ilizaa ngoma ya mganda, wachezaji walitengeneza ala za kibuyu: kinatobolewa tundu, tundu linazibwa kwa utando wa buibui, kisha mtu anaimba ndani yake na sauti inatoka ikikwaruza kama shaba. Wazee wa huko wanajua kuzitengeneza. Kibuyu hicho kikikaa kabati moja na tarumbeta ya kiwandani, mtoto wa kidato cha kwanza ataelewa bila kusomewa chochote.

Kipo kitu kingine ambacho hamjapewa, na kwa Tanga nakiona cha lazima: kadi ya kipande. Najua utashangaa, kipande ni habari ya kazi. Lakini mji wenu umelelewa na mkonge. Dakta Hindorf, Mjerumani mtaalamu wa kilimo, alileta miche mwaka 1893, ikasalia hai 62, na mwaka huo huo reli ikaanza kujengwa kutoka Tanga. Mashamba yakawavuta Wanyamwezi, Wamakonde, Wabena, Warundi na wengine, na wote walifanya kazi kwa kadi yenye nafasi 30. Kila siku ya kazi ilitiwa alama. Kadi ikijaa ndipo mshahara. Aliyeumwa au aliyechoka kadi yake ilichelewa kujaa, na fedha ikachelewa pia. Kwa hiyo kadi hiyo inakuonyesha burudani ilitoka wapi: lini mtu alikuwa na senti za kuchangia sare, lini alikuwa na siku ya kupumzika, kwa nini ngoma kubwa zilisubiri malipo. Historia ya starehe isiyosema watu walipata wapi muda na fedha inawafanya babu zetu waonekane watu waliokuwa wakicheza tu. Ulizieni nyumba za wazee waliokata mkonge, huko Muheza, Korogwe na kwingine. Huenda wapo waliozihifadhi kadi hizi pamoja na hati za nyumba.

Tuje kwenye santuri. Hapa nitakaa kidogo.

Taarabu ilipendwa kwanza kwenye jumba la Sultani Unguja. Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kumpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze ganuni, ala ya nyuzi nyingi. Mwaka 1905 ikaundwa Ikhwani Safaa, klabu ambayo bado ipo, na haikuchukua muda ikapata wapinzani wake. Nyimbo zilikuwa za Kiarabu, za watu wa ngazi fulani. Aliyezifungulia mlango wa uswahilini ni Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyeanza maisha akitembeza vyungu. Mwaka 1928 yeye na wenzake walichukuliwa hadi Bombay, wakarekodi kwa Kiswahili katika kampuni yenye nembo ya mbwa anayesikiliza pembe ya gramafoni. Sahani zile ziliuzwa kwa kasi iliyowashtua wafanyabiashara, na makampuni mengine kama Odeon na Columbia nayo yakaanza kuwatafuta waimbaji wa pwani. Unaona, hata makampuni yaliingia kwenye mashindano yetu.

Kitu cha kuwaonyesha wanafunzi ni kwamba santuri ilibadilisha wimbo wenyewe. Sahani ya zamani inazunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja hauchukui zaidi ya dakika tatu na kidogo. Taarabu ya ukumbini haikuwa na haraka: beti zinarudiwa, mtu anasimama kutuza, mwimbaji anamjibu kwa macho, fidla inachukua nafasi yake. Mbele ya mashine yote hayo yalikatwa. Mkipiga wimbo wa santuri kisha mkamwalika mwimbaji wa mjini auimbe kama ungeimbwa harusini, mkapima muda, mtakuwa mmetoa somo zima.

Namna ya kuzisoma sahani zenyewe. Kwanza itenge ya zamani na ya baadaye. Ile ya mara 78 ni nzito, haikunjiki, ikidondoka inavunjika kama sahani ya chakula. Ndogo za plastiki, zile za nyimbo mbili zenye tundu pana katikati, ni za baadaye, enzi za bendi. Kisha iinamishe sahani kwenye mwanga wa pembeni. Mifereji ambayo haikupigwa sana inang'aa nyeusi. Iliyopigwa mno ina rangi ya majivu, hasa pale sauti ilipopanda. Mara nyingi utakuta upande mmoja umekuwa kijivu na wa pili mweusi kabisa, na hapo umejua nyumba ile ilipenda wimbo gani, jambo ambalo hakuna karani wa kikoloni aliyeliandika popote. Halafu tafuta namba zilizochongwa au kugandamizwa kwenye ile nafasi laini kati ya mwisho wa wimbo na karatasi ya katikati. Namba zilizochapwa kwenye karatasi ni za duka. Hizi nyingine ni za siku ya kurekodi.

Karatasi nayo isome. Katika santuri za miaka ya 1930 huenda mkakuta zenye herufi GV. Hizo zilikuwa nyimbo za Kuba na za nchi jirani zake, zilizoanza kuuzwa Afrika mwaka 1933. Vijana wa mijini walizisikiliza hadi wakaanza kuzipiga wenyewe, na ndiyo maana Morogoro ikawa na bendi inayoitwa Cuban Marimba, ya Salum Abdallah, mtu ambaye hakuhitaji kufika Havana. Zile ndogo za bendi zetu, tazameni zilichapwa wapi. Nyingi zitasema Nairobi, hata kama bendi ni ya Tanga na wimbo ni wa kuisifu Tanzania, kwa sababu mitambo ya kuchapa santuri ilikuwa Kenya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka ukafungwa, njia hiyo ikakwama. Mwanafunzi anayesoma sura ya kuvunjika kwa Jumuiya kwenye kitabu cha historia anaweza kuishika kwa mkono.

Kuhusu kuzitunza: sahani za mara 78 zisiguswe na spiriti. Zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu, ule ule unaotumika kwenye vanishi, na spiriti inauyeyusha. Brashi laini kavu yatosha. Zisimamishwe wima kama vitabu, mbali na dirisha lenye jua la saa nane. Na tafadhali msizipige kwenye gramafoni hiyo kuburudisha wageni. Mkono wake ni mzito, na sindano ya chuma ilikusudiwa kubadilishwa kila upande. Sindano butu inachimba mifereji kama jembe. Tafuteni mtu wa studio azinakili kwa mashine ya kisasa, kisha mpige nakala kwenye spika. Gramafoni yenyewe izungusheni hendeli mbele ya watoto, wasikie springi inavyokaza, imetosha. Kikiwemo kile kikopo kidogo cha bati cha sindano, kiwekeni kando yake. Watu hukitupa wakidhani ni kikopo cha dawa.

Gitaa. Usiseme "gitaa la umeme, miaka ya 1970" ukaondoka. Tanga ilikuwa na bendi mbili zilizogawa mji, Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na ni vigumu kumpata mzee wa umri fulani asiyekuwa na upande. Jamhuri Jazz ilianza ikiitwa Young Nyamwezi, na hapo unarudi kwenye kadi ya kipande: Wanyamwezi hao walikuja Tanga kwa sababu ya mkonge. Upande wa taarabu mlikuwa na Black Star na baadaye Lucky Star, na sauti ya Shakila Said ilisikika kwenye zote mbili. Taarabu ya Tanga ilikuwa na ladha yake. Wakati Unguja bado wanajivunia safu ndefu ya fidla na ganuni, nyinyi mliingiza gitaa na besi, mkaipa mwendo wa kuchezeka. Watu wa Unguja walinung'unika. Mombasa wakaipenda.

Kwa hiyo gitaa lisilo na nyuzi linaweza kuwa la dansi au la taarabu, na tofauti hiyo ni kubwa. Mwulize aliyelileta nani alikuwa mwenye vyombo. Kwenye historia ya muziki wetu swali hilo linafungua mambo mengi. Mwanamuziki wa Tanzania mara nyingi hakuwa na gitaa lake. Vyombo vilikuwa vya klabu, vya mfadhili mwenye duka, au baadaye vya chama na taasisi: NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa chini ya chama cha wafanyakazi, na polisi na jeshi nao walikuwa na bendi zao. Mpiga solo akihama, anaondoka mikono mitupu, kwa hiyo aliyempa vyombo vizuri ndiye aliyempata. Kama gitaa hilo lilibaki nyumbani kwa mtu, kuna habari ndefu ya namna lilivyobaki. Huenda si ya kuandikwa ukutani yote. Andikeni kwenye rejista, ukutani mchague.

Bao nitalipitia haraka, si kwa kulidharau ila kwa sababu watu wa Tanga hawahitaji kufundishwa na mimi. Safu nne za mashimo manane, kete 64, nyumba mbili (shimo maalumu la kila mchezaji), kunamua (kuingiza kete za mkononi) halafu mtaji (kucheza zilizo ubaoni). Nina malalamiko tu. Makumbusho moja niliyoitembelea ililitundika bao ukutani, wima, kama picha ya harusi. Bao likisimama wima limekufa. Lilazeni mezani, viti viwili vikitazamana, kete zikiwa zimepangwa za kuanzia mchezo: sita kwenye nyumba, mbili na mbili kwenye mashimo mawili yanayoifuata kulia, 22 mkononi kwa kila upande. Wekeni na benchi la watazamaji, maana bao bila watu wa kuchokoza pembeni halijakamilika. Angalieni kama kete ni komwe zote au zimechanganywa na vifungo na kokoto, na msibadilishe kilichopungua. La kuchezea nunueni jingine. Ukitaka kuwaonyesha watoto kwamba mchezo wa namna hii ni wa kale sana, waambie kule Hyrax Hill, karibu na Nakuru, kuna mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba.

Tiketi za sinema sasa, na hapa nina ombi: kama bado ziko ndani ya kitabu, msizitoe. Pigeni picha kila ukurasa wenye tiketi, muandike ni ukurasa wa ngapi, ni kitabu gani, kina jina la nani ndani. Tiketi peke yake itakupa jina la ukumbi, daraja la kiti na bei. Tiketi iliyobanwa ndani ya kitabu cha mtu inakupa mtu. Huenda alikuwa karani, au msichana wa shule ya kati aliyekuwa akificha, na hilo ni jambo la kuulizia familia kwa adabu.

Sinema kwenye miji ya pwani ilikuwa mahali ambapo Mhindi, Mwarabu, Mswahili na mtu wa bara waliingia jengo moja, ingawa viti vilikuwa kwa madaraja na bei ndiyo iliyowatenga. Unguja ilipata jumba la kisasa mapema, Royal, mwaka 1921. Liliungua, likajengwa upya katika miaka ya 1950 kwa jina la Majestic. Picha za Kihindi zilipendwa mno. Raj Kapoor, mwigizaji wa picha hizo, alikuwa kama mtoto wa nyumbani, na watu waliimba nyimbo zake kwa Kihindi ambacho hawakukijua. Yalikuwepo pia maonyesho ya wanawake peke yao, na hayo yatakueleza kwa nini bibi yako anajua picha za zamani kuliko babu. Mambo yalipobadilika baada ya uhuru, tiketi nazo zilibadilika. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, sheria ya kutaifisha majengo ikaja 1971, na wenye kumbi wengi wakapoteza majengo. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara tulisubiri hadi 1994. Kwa miaka hiyo ishirini mtu wa Tanga aliyetaka kuona picha ikitembea alikwenda ukumbini. Kumbi hazikufa kwa sababu watu waliacha kupenda picha. Video iliingia sebuleni, kisha televisheni, na fedha za kukarabati jengo zikawa hazipo.

Mwalimu, umetaja vitu vitano na vyote, kwa jinsi tulivyozoea, vitaelezwa na wanaume. Hili lisikupite. Wanawake wa pwani walikuwa na vyama vyao vya ngoma na ushindani wao ulikuwa mkali kupita beni. Mombasa, kwenye ngoma ya wanawake ya lelemama, vyama vya Ibinaal Watan na Banu Saada vilitunishiana misuli miaka na miaka kwa sare, karamu na maandamano. Shida ni kwamba vitu vyao havikuonekana kama vitu vya makumbusho. Viko kwenye masanduku, navyo ni kanga. Chama kikiamua kushindana, kinanunua doti za aina moja, wanaingia uwanjani rangi moja, na maneno ya kwenye kanga ndiyo kombora la kwanza. Ukipata doti ya sare ya chama cha ngoma au cha taarabu, uliza walivaa siku gani, maneno yale yalimlenga nani, na yule aliyelengwa alijibu kwa kanga ipi. Ikipatikana na ya pili, zitundikeni zikitazamana, kila moja ukuta wake. Hicho ndicho ningekiweka mlangoni kabisa, hata kabla ya tarumbeta. Mtume mwalimu wa kike akahoji, au mabinti wa kidato cha tatu wawaulize bibi zao. Wewe na mimi wangetupa majibu ya heshima tu. (Kama u mwanamke, nisamehe, barua yako haikusema.)

Kuhusu maandishi ya ukutani, mwenzako asivunjike moyo, jina na mwaka yabaki. Ongezeni mistari mitatu chini yake: nani alilipa, nani alishindana nao, na mara ya mwisho kilitumika lini na kwa nini kikaachwa. Msipojua mmoja kati ya hiyo, acheni nafasi wazi na kalamu ya risasi imefungwa kwa uzi pembeni. Wazee wa Tanga hawawezi kupita penye pengo la namna hiyo bila kulijaza, na wapinzani wao hawawezi kuacha jibu lao lipite bila kulisahihisha. Yote mawili yaacheni. Aliyesema Atomic ilishinda aandike, na aliyesema Jamhuri aandike chini yake.

Kwa kila kitu kilicholetwa andikeni hati fupi ya makabidhiano: ni zawadi au ni cha kuazima, na kikiazimwa kinarudi lini. Shule nyingi huona haya kuuliza, halafu mwenye kitu anafariki na watoto wake wanakuja kudai gitaa mbele ya wanafunzi. Mpitie pia Boma la zamani, kwenye makumbusho ya Urithi. Wana picha za mji, na picha ya mtaa ambako ngoma zilichezwa itakaa vizuri nyuma ya vitu vyenu, kama watakubali kuwapa nakala.

Zile namba zilizochongwa karibu na karatasi ya katikati kwenye santuri, zinakili zote kwa mkono, upande wa kwanza na wa pili, pamoja na zile za kwenye karatasi, hata kama karatasi imechanika na jina la mwimbaji halisomeki. Niandikie. Kwa zile za mara 78 hasa, namba hizo mara nyingi zinatosha kujua ni kikao gani cha kurekodi, na aliyeimba ni nani.